Mwenye Nyumba Anazungumza

Vestina alinyanyuka ghafla kwenye mkeka, na watu wote waliojazana kutazama video kwenye lile duka la Kasulu wakamgeukia.

"Huyo ni mume wangu."

Kwenye televisheni marehemu alikuwa amesimama uani kwao Makere, koti lake la kanisani limefungwa hadi kifungo cha juu, mdomo ukienda. Vestina aliikumbuka siku ile wapiga picha walipofika na gari lao. Lakini sauti iliyosikika haikuwa ya mumewe. Ilikuwa ya mtangazaji, nyororo kama ya mtu aliyeshiba, ikisema familia hii ya wakimbizi haina hata cha kutia mdomoni.

"Mnyamazishe huyo," Vestina akamwambia mwenye duka. "Tangu lini mgeni akamkatiza mwenye nyumba uani kwake? Redio yetu ya zamani ilikuwa na adabu. Ilikusalimu kwanza, na mtu akisema, ilimwacha amalize."

"Mama, hizi ni habari."

"Nazijua. Nilikuwepo."

Mwenye duka akapunguza sauti mpaka ikaisha. Ukabaki mngurumo wa jenereta, na yule mzee kwenye televisheni. Mkono wake wa kulia, wenye kidole kimoja kilichopinda, ulionyesha kapu la ugali, kisha mkeka, kisha kapu tena, akiwakaribisha chakula watu waliokuwa nyuma ya kamera.



"Asante, baba," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Tumeshiba."