Ungo wa Mama

Siku kaka yake Mwanaidi alipokufa maji, mama yao hakupiga yowe. Aliendelea kuchambua mchele, ila sasa alitupa mchele na kubakiza mawe.

Shuleni, Mwanaidi alipewa kuigiza mama aliyefiwa katika mchezo, na Mwalimu Shebe alikwisha kuchoka naye.

"Lia, binti! La sivyo nampa Zulfa."

"Zulfa hulia hata akisukwa nywele," mwanafunzi mmoja alitania, wenzake wakaangua kicheko.

Mwanaidi akachukua ungo aliokuja nao, akaketi jukwaani kuchambua. Mjumbe akaingia, akamwambia mwanawe amekufa. Hakulia. Vidole vyake vikaanza kutupa mchele, vikabakiza mawe.

"Mama yako akiona je?" mwalimu aliuliza taratibu.

"Ungo ni wake, mwalimu. Kanipa mwenyewe."

Onyesho ni Ijumaa. Mama atakaa mstari wa mbele.