Mlio wa Mwisho

Tangu sote tutiwe chipu masikioni, tarumbeta ya jeshi ikilia kila mtu, isipokuwa mpigaji, husimama wima na hawezi kujongea mpaka usikike mlio wa mwisho.

Mlio huo uko juu sana, na mimi nilikuwa nikiukosa. Nilipofanya mazoezi nyumbani ili niingie bendi ya jeshi, mama alikwama jikoni na mwiko mkononi, magoti yakimuuma, maharage yakiungua.

"Rudia, Tumpe," alikuwa akiniambia. "Ukikata tamaa, nitakuwa nimesimama bure."

Niliomba chipu yake izimwe. Kanali Shempemba, mkuu wa bendi, alinijibu kwamba kusimama hakujawahi kumuua mtu.

Siku ya usaili nilimkuta ameketi na wenzake, wanakunywa chai.

"Piga," akaniamuru.

Nikapiga. Wakasimama wote, Kanali na kikombe chake mkononi. Nilipofikia mlio wa mwisho, ambao sasa naupata bila shida, nikaishusha tarumbeta.

"Malizia, binti," akasema. Mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka, na chai ilikuwa ikimwagikia kombati.

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Afande, tuzungumze kwanza habari ya magoti ya mama yangu."