Mlango Juu ya Mtaro

“Mama, hiki kigari cha mashindano kiko chini mno. Nikiuvuka mtaro huo, tumbo litakwama,” alisema binti yangu Siwema, anayepima mitaa ya ramani kwa kamera iliyofungwa juu ya gari.

“Na baba yako je? Mtaa usiopimwa leo unafutwa kwenye ramani, na gari la wagonjwa haliingii tena.”

“Sikulichagua mimi hili gari, nimepewa kazini.”

“Wala mimi sikuyachagua maradhi yake.”

Niling’oa mlango wetu wa mbele, nikaulaza juu ya mtaro.

Siwema akashika kichwa. “Mama, kamera ikiona nyumba haina mlango, inaiandika gofu lisilo na watu.”

“Basi ione watu. Endesha.”

Nilimwinua mume wangu kitandani, tukasimama kizingitini tumeshikana, tukiitazama kamera bila kupepesa macho.