Nyasi za Wanyoike

Nyasi zilikuwa zimekufa kwa mstari mmoja, kutoka ua wa mashariki hadi ua wa magharibi. Joan alipiga magoti akaupima. Mita mia moja na themanini, umenyooka utadhani umepigwa rula. Kwingine kote bustani ilikuwa kijani kibichi.

"Wamekata tena," alisema Kimeli, askari wa geti, akiunga waya kwa koleo. Uso wake ulikuwa umefungwa kuliko ule ua.

Bustani hiyo ya Lanet ilikuwa kazi ya kampuni ndogo ya mipango miji alikoajiriwa Joan, pale Nakuru mjini. Mwenye mtaa mpya, Bwana Wanyoike, alitaka viti, maua na ukuta wa waya. Kile ambacho hakutaka ni njia. Palipokuwa na nyasi zake ndipo wanakijiji wa nyuma ya mtaa walipopitia miaka yote kwenda zahanati. Sasa walizunguka hadi barabara kuu, kilomita mbili na ushee, mgonjwa akiwa mgongoni.

Joan aliichora ile njia kwenye ramani. Wanyoike akaifuta. Joan akaichora tena. Mara ya tatu Wanyoike alimwambia mbele ya wakubwa wake kwamba watu walipiga kelele wiki mbili wakanyamaza, na sasa hakuna anayepita wala anayeitaka. Mkubwa wake alimvuta kando akamnong'oneza kwamba mkutano wa mwisho ni Ijumaa. Asipotia sahihi mchoro usio na njia, atatia mwingine, naye Joan akatafute kazi kwingine.

Basi atafute. Lakini kwanza Wanyoike angeonyeshwa hao watu anaosema hawapiti.

Aliwaendea wanawake wanaouza sukumawiki kwenye kona, akawauliza ni kina nani wanaopita mle ndani.

"Nani apite hapo?" alijibu Chepkurui, mkubwa wao. "Sisi tulichoka, madam. Tunazunguka tu."

Wenzake walidakia kwamba yule Kimeli ni mbaya kuliko mbwa, hata mtoto akishika waya anamfokea. Na ubaya wenyewe, alikuwa mtu wa kijiji hicho hicho.

"Bibi yake alizalia hapo kwa barabara mwaka jana, wakizunguka," Chepkurui alisema, akitema mate. "Mtoto hakukaa. Na bado anatufungia."

Joan aliitikia kwa kichwa. Aliwaelewa. Nani atamwambia mgeni mwenye faili kwamba yeye ndiye anayekata waya wa tajiri? Waliendelea kufunga sukuma zao kwa nyuso kavu, naye moyoni akawapenda kwa ukaidi wao.

Alirudi kwa Kimeli akaomba kuona OB, kile kitabu kikubwa ambamo kila askari wa geti hujaza matukio ya zamu yake. Mwandiko ulikuwa safi. Jumatatu, waya umekatwa, wamepita 61. Jumanne, 58. Jumatano, 64. Miezi mitatu mizima, hakuna siku iliyorukwa, hata Krismasi.

Joan alimuuliza kama mwenye mtaa huisoma.

"Mimi kazi yangu ni kuandika," Kimeli alisema. "Bosi asiposoma, hiyo si shauri yangu."

Kisha akakiweka kitabu mikononi mwa Joan kabla hajaomba kuondoka nacho, na akauliza jambo moja tu: mkutano ulikuwa saa ngapi.

Ijumaa Wanyoike aliingia akicheka. Joan alisimama, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Alisoma tarehe na hesabu, tarehe na hesabu, hadi kicheko kikaisha na mkubwa wake akaanza kukohoa. Wanyoike alimwambia inatosha. Joan akageuza ukurasa akaendelea.

"Hiki ni kitabu chako, mzee," alisema alipofika mwisho. "Kimeandikwa na mtu unayemlipa wewe. Umeweka waya, wameukata. Umeweka askari, wamempita. Watu sitini kila asubuhi, hawajakuomba ruhusa na hawataomba. Mimi sichori bustani isiyo na njia yao. Mnifute kazi sasa hivi kama mnataka."

Hakuna aliyemfuta. Wanyoike aliitazama picha ya ule mstari, aliyoibandika Joan ubaoni, akakitazama kitabu. Kumwita askari wake mwongo kulikuwa kukiri kwamba amelipa mwongo miezi mitatu. Alitia sahihi kwa hasira, karibu apasue karatasi: njia ya matofali ya kabro, upana mita mbili, mageti mawili yasiyofungwa mchana wala usiku.

Jumamosi Joan aliamka mapema kwa furaha. Kabla kabro hazijaletwa alitaka kuwaona wale watu kwa macho yake, wote sitini, asimame pale wanapopenya awasalimie mmoja mmoja na kuwaambia wameshinda.

Alifika Lanet kukipambazuka. Baridi ilikuwa kali. Kwenye kona ya sukumawiki hapakuwa na mtu. Huko nje, kwenye barabara ya mzunguko, akina mama wawili walikuwa wakienda zao na watoto mgongoni, wala hawakuutupia ua jicho. Alingoja robo saa, kisha nusu. Waya ulikuwa umekatwa tayari, na hakuna aliyekuja.

Ndipo aliposogea karibu na ua akasikia hatua ndani.

Kimeli alikuwa peke yake kwenye nyasi, gunia la mchanga begani, akitembea juu ya ule mstari kwa hatua nzito. Alifika ua wa magharibi, akageuka, akarudi hadi wa mashariki. Akatua gunia, akatoa daftari jipya mfukoni, akaandika wamepita 41, akajitwika tena.