Albamu za Upande wa Pili

Kobina alikuwa amefika albamu ya tatu, na mjomba wake alikuwa amechoka kumkanyaga mguu.

Siku ya kubisha hodi ukweni, mchumba hukaa kimya. Husema msemaji, na msemaji alikuwa mjomba. Chupa mbili za jini zilikuwa mezani, hapo sebuleni Sekondi. Lililobaki ni Ekuwa, binti wa nyumba hiyo, kuulizwa mara tatu kama zinywewe, yaani kama amemkubali. Kabla hajaulizwa, Kobina akaomba kusema kidogo.

Kidogo hicho kilikuwa mwaka mzima, ule aliotimiza miaka kumi na saba. Chumba alichoishi na mama yake kilitenganishwa na sebule hii kwa ukuta mmoja. Upande huu palikuwa na gramafoni. Upande ule palikuwa na yeye, suruali iliyomfupikia, na mapenzi.

Albamu ya tarumbeta mbili ilimfunza kutembea kwa maringo, mpaka akatumbukia mtaroni mchana kweupe. Ya gitaa ilimtungisha mashairi kumi na manne, kila mstari ukiishia na jina la Ekuwa, maana vina vingine hakuvipata. Ya tatu ilimliza. Alimwambia mama ni vitunguu. Siku hiyo walikula ndizi.

"Wimbo ukinigusa nagonga ukuta mara tatu," alisema, "nawe Ekuwa unaurudia. Hujawahi kuninyima. Mtu wa kunisikiliza hivyo nitampata wapi tena?"

Mama yake Kobina, mjane fundi cherehani, alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Ekuwa alimtazama kwa huruma. "Kobina, mwaka ule nilikuwa shule ya bweni Cape Coast. Nyumbani nilikuja likizo tu."

Ni kweli, siku za masomo hakuwahi kumwona hata mara moja. Alikuwa amelisifu jambo hilo katika shairi la tisa: msichana asiyetoka ovyo.

Shangazi mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Albamu ya nne na ya tano zilifia kooni. Kobina akazitazama chupa. Mtu angezirudisha, asingemlaumu.

"Mbona hamniulizi?" akasema Ekuwa.

Wakamwuliza mara tatu. Mara tatu akajibu zinywewe, na mara ya tatu alikuwa akitabasamu.

Lakini hakuna aliyekunywa. Baba yake Ekuwa, Mzee Essilfie, mgane wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameishika chupa bila kuifungua.

"Santuri nilikuwa naweka mimi," alisema. Hakumtazama Kobina. Alimtazama mama yake Kobina. "Nilidhani anayegonga ni wewe, Adwoa."

Mama akaiachia ncha ya kitenge.

"Kila Jumapili nilikuwa mimi," akasema.