Kofia ya Fainali

"Nimesema huivai, na huivai!"

"Mama, hii ni fainali! Kwenye nusu fainali niliibeba timu nzima."

"Na wewe ukabebwa kwa machela."

Tabitha aliikumbatia kofia ngumu ya mpira wa Kimarekani, iliyopata ufa juu ya sikio. Nje, basi la timu lilipiga honi.

"Nimeshapona," Zefania alisema, akacheka. "Muulize baba. Mbona umemwacha amesimama mlangoni?"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Walimzika baba huyo Zefania akiwa bado ananyonya.

Tabitha alichukua kisu cha jikoni, akaukata ukanda wa kidevuni. Kisha akatoka kumwambia kocha aondoe basi lake. Mlangoni alipita kiubavu, kama anayempisha mtu.