Gino wa Nani

Amabile alikaanga dagaa kwa vitunguu, akawamwagia siki, kama mwanawe Gino alivyowapenda. Jana mwenye baa ya gatini alikuwa amemletea habari: Gino Boscolo amepiga simu, anakuja na basi la mchana.

"Alisema Gino wa nani?" Amabile aliuliza.

"Wa nani tena, Bi Amabile? Wa Forner yuko pale ukutani. Amebaki wako tu."

Hapa Chioggia, mji wetu wa wavuvi wa Italia, ukiita "Boscolo!" hata mbwa watageuka. Bila lakabu ya ukoo, kama Forner au Bisato, hujui unamsema nani. Ukuta wa gatini una mawe ya kumbukumbu ya akina Boscolo waliovuma: askofu, mwimbaji, bingwa wa baiskeli. Jiwe la mwisho ni la Gino Boscolo Forner, aliyejitosa baharini kutoka mashua ya uvuvi kuokoa abiria wa kivuko kilichokuwa kikizama. Maji yalimrudisha baada ya wiki nyingi, sura imeliwa na samaki, kitambulisho mfukoni kimeandikwa Boscolo Gino tu, bila lakabu. Palmira Forner alimwangukia palepale akilia kwamba huyu ni mwanawe, na hakuna aliyembishia.

Kwenye mashua ileile alikuwemo Gino mwingine, wa Boscolo Bisato, mtoto wa Amabile. Huyo, walisema watu, alidandia meli ya kigeni akatokomea, akawaacha wenzake wafe. Tangu hapo Amabile hakusalimiwa sokoni. Walimwita mama wa mwoga, wengine wakitema mate akipita. Iliuma, tena iliuma sana, lakini aliyameza yote. Mwoga ni mtu aliye hai, alijiambia, na aliye hai iko siku atarudi kwao.

Basi lilisimama mbele ya ule ukuta. Akashuka mwanamume mwenye mvi tupu, kofia mkononi. Amabile alimkimbilia na sahani yake, machozi yakimtiririka, asijali nani anamtazama.

Mwanamume yule aliinamisha kichwa.

"Bi Amabile," alisema kwa sauti ya chini, "nilikimbia, sikatai. Mama yangu Palmira bado yu hai?"

Amabile aligeuka kulitazama lile jiwe, ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kuliwekea hata ua moja.